Jina la Leso

Saa hizi viazi vya karai vinatoka motoni, wazee wametoka msikitini Mandhry wanatafuta baraza yenye upepo, na wewe, msikilizaji, bila shaka una kazi mkononi. Endelea nayo. Nitegee sikio tu.

Wiki iliyopita binti mmoja wa mtaa huu huu wetu aliniletea ujumbe wa sauti kwenye simu. Simtaji, wala sitaji nyumba yao. Ameposwa na kijana anayefanya kazi Ghuba, na kila usiku kijana hupiga simu ya video. Usiku mmoja binti alikuwa akijitayarisha kwenda kwenye sherehe ya kupamba kwa binamu yake. Ametia wanja, amejifukiza udi, nywele amezibana na kuzizungushia asmini. Kijana akamtazama, akanyamaza, kisha akauliza: "Umejipamba kwa ajili ya nani?" Akamwambia azungushe simu aone chumba kizima. Binti akaizungusha: kitanda, kabati, dirisha, nyanya yake anavaa buibui. Simu ilipokatwa binti akafuta wanja, akaenda arusini uso mkavu.

Siku chache baadaye kijana yule yule akamtumia picha ya msichana mwengine, ambaye hata yeye hamjui, amemwona tu mtandaoni. Chini yake ameandika: "Mbona wewe hujiweki hivi?"

Binti akamaliza ujumbe wake kwa maneno haya: "Sasa mama, mie niwe yupi?"

Nilikuwa nimesimama nakoroga uji. Nikaiweka simu chini, nikakaa kitako. Mimi umri wangu ni wa kuitwa nyanya, na swali lile nalijua tangu ujana wangu, ila sikuwahi kulisikia likiulizwa kwa maneno machache namna ile.

Kiswahili chetu kina maneno mengi ya jambo hili, na mengi yake yamekaa machoni. Wivu ni wa mwenye chake: anacho, anachelea kisichukuliwe. Kijicho ni cha asiyekuwa nacho, lile jicho dogo la pembeni linalokodolea cha mwenziwe. Gere iko hapo katikati, ina kidogo cha huku na kidogo cha kule. Halafu iko husuda, na hasidi ni mtu mzito, kwa sababu hatafuti apate yeye, atafuta wewe ukose. Ndiyo maana mtoto mchanga hapa kwetu hutiwa doa la wanja usoni. Uzuri wake unaharibiwa kidogo kwa makusudi, ili jicho likose pa kushika. Akililia tumbo usiku kucha, wakongwe watasema ana zongo, mtu amemwona. Wazee wetu walijua kwamba kumtazama mtu ni kumgusa.

Walichokuwa hawakisemi waziwazi, na mimi nataka kukisema leo, ni kwamba wivu wa mapenzi ukiingia nyumbani haumkamati kwanza yule mtu wa tatu. Unaukamata mwili wa mmoja wa wale wawili. Unashika rangi, unashika nywele, pua, kimo, kitambi. Kijana wa Ghuba anasema futa wanja, kisha anasema jipambe kama yule. Watu watakwambia hajui anachotaka. Mimi naona anajua sana. Amri zote mbili ni moja: uso huo niachie mimi, nitauandika nitakavyo.

Nasema kuandika kwa sababu nafikiria leso. Wenzetu wa Unguja na Dar es Salaam wanaiita kanga, sisi hapa Mombasa ni leso, na kila mwanamke anayenisikiliza anazijua sehemu zake. Kuna pindo, ile inayozunguka. Kuna mji, pale katikati. Na kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Ukienda kununua leso Biashara Street, rangi ni jambo la pili. Mwanamke mzima atasema, "Hebu nisomee jina." Duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo wengi twalijua kwa ile alama ya Mali ya Abdulla, ndilo linalosifika kwa kuanza kutia maneno kwenye leso, mapema katika karne iliyopita. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja hizi za Kizungu. Tangu hapo leso ikawa mdomo. Unaweza kuvaa dua, unaweza kuvaa shukrani, na unaweza kuvaa tusi ukapita nalo mbele ya mlango wa mtu bila kufungua kinywa.

Mimi nililivaa. Nitawaeleza.

Niliolewa mwaka 1983. Wazee wa kiume walikuja kuleta posa Ijumaa, na siku ya pili yake wakaja wanawake wa upande wa mume kunitazama. Mwaijua shughuli hiyo: wanakuja kama wageni, wanakunywa chai, kumbe macho yako kazini. Mimi nilikuwa jikoni napanga mahamri kwenye sinia, na mlango kati yetu ulikuwa pazia tu. Nikamsikia mmoja wao, mtu mzima, sauti ya upole, akisema: "Mweusi, lakini ana tabia." Wenzake wakaitikia, naam, ana tabia, mashaallah. Walikuwa wakinisifu, na nina hakika yule mama alidhani amenipa zawadi.

Lile neno "lakini" nilikwenda nalo nyumba ya ndoa pamoja na sanduku langu.

Sasa, nyumba tuliyokaa ilikuwa kwenye kichochoro cha kwetu Kibokoni, vile vichochoro ambavyo madirisha yanasalimiana. Aliyekabiliana nasi alikuwa mwanamke aliyenizidi miaka mitatu minne, mtu wa visiwa vya upande wa Lamu, mweupe, nywele za singa zinamfika kiunoni. Alikuja kwangu kuazima mbuzi ya kukunia nazi, nami nikaenda kwake kuazima kinu. Alhamisi jioni huvaa kikuba, kile kifungu cha asmini na mrehani, na harufu yake ilivuka kichochoro ikaingia kwangu dirishani kabla ya Maghribi.

Siku moja nafua kanzu ya mume wangu. Natia mkono mfukoni kama tufanyavyo sote, nitoe shilingi zisipotee. Nikatoa asmini. Tatu, zimesinyaa, zimegeuka rangi ya chai. Wiki ya pili, tena.

Sikumwuliza. Mtu huuliza akitaka jibu, na mimi jibu nilikuwa nalo tangu siku ya pazia na mahamri. Nilijua mwanamume anayepewa mwanamke "lakini" siku moja atamwona asiye na lakini, na huyo yuko hapo ng'ambo ya kichochoro. Kwa hivyo zile asmini tatu hazikunishtua. Zilikuja kama mgeni ambaye kitanda chake kilikwisha kutandikwa.

Nikaenda Biashara Street. Niliingia maduka matatu, nikawachosha wauzaji wakinikunjulia jora baada ya jora, mpaka nikaipata leso yenye maneno niliyoyataka. Jina lenyewe silisemi hapa hewani, watoto wanasikiliza. Nikaikata, nikaipinda, nikajifunga moja kiunoni na nyengine mabegani, nikaipanga ili maneno yakae sawasawa mgongoni. Kisha nikakaa kizingitini, nikampa mgongo. Siku tatu. Siku ya nne hakuja kuazima mbuzi, na hakuja tena. Miezi michache baadaye yeye na watu wake wakahamia Likoni.

Na zile asmini? Mume wangu kila Alhamisi akitoka kazini bandarini Kilindini alipita kwa mamake Kuze. Njiani hununua vikuba kwa wale kina mama wauzao maua, akampelekea, wakakaa pamoja mpaka adhana. Ua moja mawili hubaki mfukoni. Niliambiwa na wifi yangu, katika mazungumzo mengine kabisa, bila yeye kujua ananiambia nini. Alhamisi zote zile mwanamume alikuwa kwa mamake.

Miaka mingi baadaye mwanangu aliniletea nyumbani kitabu cha Shakespeare, kile cha Othello, tukakisoma pamoja polepole. Nataka nikieleze kidogo, kwa sababu wengi hukisimulia kama hadithi ya mtu mwenye hasira, na mimi sikuisoma hivyo. Shakespeare alikiandika karibu mwaka 1603, miaka kama 10 baada ya Wareno kuanza kuijenga Ngome ya Yesu hapa kwetu, mwaka 1593, kwa ramani aliyoichora Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Othello naye ni mtu wa ngome: jemadari mweusi anayewalindia Wataliano wa Venice kisiwa chao, na amemwoa binti wa mkubwa mmoja wa mji ule, Desdemona, mweupe, kwa mapenzi yao wenyewe na bila ridhaa ya baba. Msaidizi wake, Iago, anataka kumwangamiza. Anampikia habari kwamba mkewe ana mwanamume mwengine, na ushahidi unaomaliza mambo ni kitambaa. Kitambaa cha mkononi alichopewa mke na mumewe, kikaanguka, kikaokotwa, kikatiwa chumbani mwa yule mtuhumiwa. Kwa kitambaa hicho Othello anamuua mkewe kitandani.

Kitambaa cha namna hiyo Wareno walikiita lenço, na hilo ndilo lililozaa neno letu leso. Wazee husimulia kwamba leso za kwanza zilikuwa vitambaa hivyo, sita vimeshonwa pamoja vikawa nguo moja. Kwa hiyo nilipokuwa nasoma na mwanangu nilifika pale nikafunga kitabu. Mtu yule alimuua mkewe kwa leso.

Tulipokifungua tena nikaona jambo ambalo sijaliacha hadi leo. Leso ilikuja mwisho. Kabla ya leso, Iago alikwisha kumtia neno sikioni, na neno lenyewe ni lile ambalo sisi hapa Mji wa Kale tunaliita kufu, yaani kulingana kwa wanaooana. Alimkumbusha kwamba Desdemona alikuwa na wachumba wa nchi yake, wa rangi yake, wa daraja lake, akawakataa wote, na mwanamke wa namna hiyo huenda siku moja akajirudi. Na Othello, mtu aliyeshinda vita, anabaki peke yake anajiambia labda ni kwa sababu mimi ni mweusi. Kutoka hapo leso yoyote ingetosha. Hata asmini tatu zingetosha.

Nilimwambia mwanangu, huyu Othello amepewa "lakini". Hakunielewa, na sikumfafanulia siku ile.

Lile neno halikuzaliwa kinywani mwa yule mama wa posa. Lina nasaba ndefu kuliko yake. Mji huu ni wa watu wengi: kuna wenyeji wa Thenashara Taifa, zile Tisa na zile Tatu, kuna Washihiri, Wabaluchi, Waarabu wa Oman, Wabohora, Wabajuni, kuna ndugu zetu Wamijikenda ambao damu yao imo katika nyumba nyingi kuliko nyumba hizo zinavyokubali. Na palikuwa na utumwa. Tusilifunike hilo kwa mkeka. Utumwa ulikomeshwa rasmi pwani yetu mwaka 1907, yaani nyanya za nyanya zetu waliuona. Wakati ule nguo ilikuwa inatangaza wewe ni nani kabla hujasema. Mwungwana akitoka nje alitembea ndani ya shiraa, kile kitambaa kikubwa mfano wa hema, kilichobebwa na vijakazi kumzunguka. Anayebeba hakuwa na sitara hiyo. Ilipokuja buibui nyeusi, mwanzoni mwa karne ya 20, wanawake wote wakaanza kuivaa, aliyekuwa bibi na aliyekuwa kijakazi, na kwa mara ya kwanza ukikutana na wanawake wawili Ndia Kuu hukuweza kujua nani alimzaa nani.

Mimi huipenda buibui kwa sababu hiyo, mbali na zile za dini. Niliwahi kumwona mzee mmoja amekaa barazani, wanawake wanapita kundi, wote weusi toka utosini mpaka chini, akasema "Yule wa tatu ni mke wangu." Nikamwuliza amemjuaje. Akasema, "Hukanyaga mguu wa kushoto kama anayepima maji." Miaka 40 amemtazama mwendo. Mapenzi ya namna hiyo yana jicho, lakini ni jicho lililokaa mahali pamoja.

Ila rangi ya uso na aina ya nywele hazikufunikwa na buibui mpaka ndani ya nyumba. Ndani "lakini" iliendelea kuishi. Ilihamia jikoni, ikahamia kwenye posa, ikahamia dukani.

Dukani nilifika nayo pia. Baada ya jirani kuhama nilikuwa bado natazama dirisha lake tupu. Nikanunua sabuni. Siku zile sabuni zenye zebaki ziliuzwa wazi, na mtu akikwambia hii inang'arisha hukuuliza inang'arisha kwa kitu gani. Nikaosha uso asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo ngozi ilifunguka, nikafurahi, wallahi nilifurahi. Kisha mashavu yakaanza kuwaka, jua la saa nne likawa kama moto wa kuni, na chini ya macho pakaja madoa meusi kuliko rangi niliyoikimbia. Mume wangu alinishika uso kwa mikono miwili akaniuliza, "Umefanya nini? Uso wangu uko wapi?"

Alisema uso wangu, na alikusudia uso wako, ule ninaoujua. Najua alikusudia hivyo. Lakini hata katika upole wake ule, oneni lugha ilivyompeleka. Uso ulikuwa wangu mimi, na ndani ya mwaka mmoja watu watatu walikuwa wameudai: yule mama wa posa, mimi mwenyewe kwa sabuni, na yeye kwa mapenzi.

Zebaki haikai usoni. Inapenya ngozi, inaingia kwenye figo, na mama anayenyonyesha anaweza kumpitishia mtoto. Shirika la Viwango la Kenya lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka 1998. Ni miaka mingi, na mkorogo bado unapatikana, umebadilisha tu kibandiko. Binti zangu, na nyinyi vijana wa kiume ambao siku hizi mnajipaka kimyakimya, kipodozi kisichoonyesha kimetengenezwa kwa kitu gani kiacheni kule kule dukani. Na hina mkiwa mnapaka, jihadharini na ile piko nyeusi inayochanganywa na rangi ya nywele. Nimemwona bibi arusi ambaye maua ya mikononi yalimgeuka malengelenge siku ya tatu ya fungate.

Sikatazi kujipamba. Mtu asinifahamu vibaya. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, alipokuwa mgonjwa mwaka 1858, akamwandikia utendi binti yake wa kumwusia, hakuona haya kumfundisha kujipamba, maua na manukato na hina. Mwanamke anakaribia kaburi, na bado anataka mwanawe anukie vizuri. Mimi nikisaga singo kwa liwa na maganda ya machungwa yaliyokauka, mikono inanukia siku mbili, na furaha yangu yaanzia pale kwenye kusaga, kabla hajaniona mtu. Siku za kupamba, ukumbi umejaa wanawake watupu, buibui zimetundikwa mlangoni, kila mmoja amevaa alichojaliwa, ule uzuri ni wetu kwa wetu. Siku hizi mlangoni anawekwa mama mmoja mwenye kikapu, akusanye simu. Wako wanaomnung'unikia. Mimi humpa yangu kwa mkono wa kulia na kumwombea dua. Analinda kitu ambacho wengi hawajajua kwamba kinaibwa.

Kwa maana zamani kujilinganisha kulikuwa na mipaka. Nilijilinganisha na jirani mmoja, na angalia alivyonitoa roho. Binti yangu wa ujumbe analinganishwa na dunia nzima, kila usiku, na uso anaolinganishwa nao pengine haupo, umetengenezwa na programu ya simu iliyopunguza pua na kukuza macho. Hata yule msichana wa pichani akiamka asubuhi hafanani naye.

Na wivu wenyewe ulikuwa na mahali pake. Tulikuwa na lelemama, vyama vya wanawake vya mji huu vilivyoshindana kwa nyimbo na mavazi, Ibinaal Watan na Banu Saada. Tulikuwa na taarabu. Marehemu Juma Bhalo akiimba, mara nyingi maneno yametungwa na mtu wa ukoo wake, Ahmad Nassir, mwanamke aliyeguswa na ubeti huinuka na noti mkononi, akacheza polepole mpaka mbele, akatuza, na akirudi hupitia pale alipokaa mbaya wake. Kila mtu ameona, na hakuna aliyetajwa. Taarabu ikavunjika, watu wakaenda kulala, na Jumatatu wale wawili wakikutana matangani wanapishana chai. Simu haivunjiki alfajiri. Simu inaingia nawe kitandani.

Upande wa pili wa wivu ni wa giza, na sitaurefusha kwa kuwa mwaujua. Tarehe 27 Januari 2024 wanawake waliandamana katika miji ya Kenya, Mombasa ikiwemo, kwa ajili ya waliouawa, wengi wao kwa mikono ya waliowahi kuwapenda. Sheria yetu ya mwaka 2015 ya kuzuia dhuluma za nyumbani haingoji damu. Inahesabu pia matusi na kejeli zinazorudiwarudiwa. Namba ya msaada ni 1195, kupiga ni bure. Iandikeni mahali.

Yule binti nilimjibu nini? Nilimwambia asimjibu kijana usiku. Ampigie mchana, wakati hakuna wanja wala asmini wa kugombaniwa, amwulize kwa upole: wewe ulipewa "lakini" gani? Nilimfafanulia neno hilo kama nilivyowafafanulia nyinyi. Baada ya siku tatu akaniletea jibu. Kijana ni mfupi. Tangu shule alikuwa akiitwa kwa jina la ufupi wake, na huko aliko wanalala sita chumba kimoja, wenziwe wanamwona akipiga simu na kumwambia mchumba mzuri kama yule hamngoji mtu wa kimo kile. Kila usiku anawasikiliza, kisha anapiga simu.

Nikamwambia binti, mhurumie, anastahili huruma. Lakini huruma haifuti wanja. Mwambie waziwazi kwamba simu haitazungushwa tena, wala hutatumiwa picha ya mtu. Akikubali, mna la kuzungumza. Asipokubali, posa ni posa, bado si nikaha, na wazee wako wapo.

Bado hajanipigia. Nikipata habari, na akiniruhusu, nitawaambia.

Sasa namaliza, na langu mimi. Ile leso haikuchakaa. Niliivaa siku tatu tu, ikalala sandukuni miaka zaidi ya 30, na kila nikifungua sanduku naiona rangi yake. Mwaka jana nikavuka kivuko cha Likoni. Niliuliza, nikaelekezwa, nikapiga hodi. Alifungua mwenyewe. Zile nywele zimekuwa nyeupe, amezisuka mkia mmoja. Akanikaribisha kama niliyetoka jana.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi kwa ile leso. Akaniuliza, leso gani? Nikamkumbusha, kizingitini, siku tatu, jina limeandikwa mgongoni. Akanitazama kwa muda. Akasema kwao kisiwani yeye alitiwa chuoni akasomeshwa Kurani, herufi za Kiarabu anazijua vizuri, lakini skuli hakwenda, na hizi za Kizungu hakuzijua mpaka wajukuu walipomfundisha kuandika jina lake.

"Mwenzio sikuisoma leso yako," akasema. "Nilikusoma uso."

Kisha akainuka kwenda kutia maji ya kahawa.